JE, NI HALALI KUSIKILIZA YASIYOKUWA YETU?

Twapenda kuwauliza ndugu zetu jambo moja: maneno yapitayo angani yakishuka juu ya paa la mtu asiyeandikiwa, je, ni halali yake kuyatwaa?

Tarehe 3 Februari 1966 chombo cha dola ya Sovieti kiitwacho Luna 9 kilitua mwezini, wala hapana chombo kilichotua salama huko kabla yake. Kikaanza kuleta picha kwa simu ya upepo. Mawimbi yale hayakwenda kwa wenyewe peke yao, bali yaliishukia kila nchi iliyouelekea mwezi. Huko Jodrell Bank, Uingereza, palikuwa na darubini ya kupokea mawimbi, upana wake futi 250, na mkuu wake akiitwa Bernard Lovell. Wataalamu wa hapo wakatambua kuwa mlio ule ni kama wa picha ambazo magazeti hupelekeana kwa simu. Wakaazima mashine ya gazeti la Daily Express, na gazeti hilo likazichapa picha hali wenyewe hawajazitangaza. Walakini kipimo chake hawakukijua, basi picha zikatoka zimebanwa, na mawe yakaonekana marefu kuliko yalivyo.

Mtu aweza kusema: "Mwenyewe hakuyafumba maneno yake, aachaye mlango wazi amewaruhusu wapitao." Twajibu: La. Sheria yetu imetuamrisha kubisha hodi, wala haikusema kuwa hodi ni ya milango iliyofungwa tu. Na katika Sura ya Hujurat, aya ya 12, tumekatazwa kupelelezana.

Mwingine atasema: "Basi ni haramu kusikia lolote." Na hili pia twalikataa. Sikio halina kope. Lilifikialo bila ya kutafutwa si dhambi. Tena picha ya mwezi haikuwa aibu ya mtu. Alichokosa mwenyewe ni haki ya kutangulia kuonyesha matunda ya jasho lake. Si haki ndogo, lakini haifanani na kufichuliwa siri ya nyumba.

Siri za nyumba nazo leo hupita huko huko. Mwaka 2025 wataalamu wa Marekani, wa vyuo vikuu vya California, San Diego, na Maryland, walieleza kuwa kwa vifaa vya dukani vya thamani ya dola 800 hivi, walipokea kutoka kwenye setilaiti simu na ujumbe wa watu, hata khabari za majeshi, bila ya kufumbwa. Wenye mitambo walidhani mbingu ni mbali, hapana atakayetazama. Wataalamu hao waliwaendea wakawaonya, na baadhi yao wakaziba.

Basi rai yetu ni hii. Aliyekabidhiwa maneno ya watu, akayapitisha angani uchi hali ufunguo anao, amekhini amana, ijapokuwa hakuna aliyesikia. Aliyeyasikia kwa bahati, na ayafiche. Aliyeyatafuta ili apate faida au amfedheheshe mwenziwe, huyo ni mpelelezi, hata kama hapakuwa na kufuli. Na aliyeona mlango wa jirani yake u wazi usiku, wajibu wake ni kumwamsha mwenyewe.

Wallahu aalam.