Wimbi Lililotoka Kusini ya Mbali

Bahari inaweza kuamka shwari, bila upepo wa kujaza tanga, na bado mawimbi mazito yakavunjika mwambani, moja baada ya jingine, kwa mwendo usiobadilika. Katika Bahari ya Hindi, mara nyingi mawimbi hayo yamezaliwa na dhoruba za kusini kabisa, upande wa Antaktika, maelfu ya kilomita kutoka ufukweni yanakofia. Huenda dhoruba yenyewe ilikwisha kutulia siku kadhaa nyuma.

Maji hayakusafiri. Kila tone lilizunguka palepale lilipo. Kilichosafiri ni nguvu. Na nguvu hiyo Muumba ameiwekea kanuni ambayo kila nikiitafakari nastaajabu upya: kwenye kina kirefu, mawimbi marefu huyatangulia mafupi. Kundi la mawimbi yanayofuatana kila baada ya sekunde 20 huenda takriban kilomita 56 kwa saa. Ya sekunde 14 huenda kilomita 39 hivi. Yote huondoka dhorubani pamoja, kama wakimbiaji kwenye mstari, na mbio zikirefuka ndivyo wanavyozidi kuachana. Ikiwa safari ni ya kilomita 5,000, ya sekunde 20 hufika kabla siku 4 hazijatimia, na ya sekunde 14 huchelewa nyuma yake kwa zaidi ya siku moja na nusu. Kwa hiyo mtu aliye ufukweni, akipima jinsi sekunde hizo zinavyopungua, anaweza kukokotoa dhoruba ilivuma lini, na umbali gani, ingawa hakuiona. Bahari imeandika tarehe na masafa ndani ya wimbi!

Wanasayansi wa bahari Harald Sverdrup wa Norwe na Walter Munk, mzaliwa wa Vienna, walibuni njia ya kutabiri mawimbi wakati wa Vita Kuu ya Pili, na elimu hiyo ilitumika katika maandalizi ya majeshi kushuka Normandy mwezi Juni 1944. Mwaka 1963 Munk na wenzake walitega vipimo kutoka New Zealand, kupitia Samoa na Hawaii, hadi Alaska. Waliona mawimbi ya dhoruba za kusini yakivuka Pasifiki yote, zaidi ya kilomita 10,000, na baada ya kuachana na dhoruba yalipoteza nguvu kidogo mno njiani.

Nguvu hiyo si ya kuchezea. Mei 2007 dhoruba iliyovuma kusini ya Afrika ilituma mawimbi yaliyopiga kisiwa cha Réunion, yakafurikisha visiwa vingi vya Maldivi, kisha yakafika Indonesia. Wimbi la sekunde 20 lina urefu wa zaidi ya mita 600 kutoka kilele hadi kilele, na huanza kuhisi sakafu ya bahari kwenye kina cha mita 300 hivi. Likifika penye maji machache hupunguza mwendo, hujikusanya, huinuka.

Leo setilaiti, maboya na kompyuta hutangulia kutoa habari, na utabiri huo unawezekana kwa sababu moja tu: bahari haivunji kanuni iliyowekewa. Basi ndugu msomaji wa pwani, tangazo la mawimbi makubwa likitolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, usilipuuze eti kwa kuwa hakuna upepo. Acha chombo nangani, na watoto wakae mbali na mwamba.