Je, Yafaa Kudai Fungu Katika Dhulma?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Tumeletewa swali katika darsa yetu, nalo kwa nje laonekana kuwa ni la siasa, lakini ndani yake ni la halali na haramu. Muulizaji asema hivi: Dola za Afrika, na Kenya yetu ikiwamo, zinakiri kwamba kura ya turufu katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa ni jambo lisilokuwa la uadilifu, na yapasa liondoshwe. Kisha dola hizo hizo zasema: maadamu halijaondoshwa, basi na sisi tupewe. Je, yawezekana kitu kikawa ni dhulma mikononi mwa mwengine, na kikawa ni haki mikononi mwetu?

Kabla ya kujibu, twajua wako ndugu watakaosema: Hayo ni mambo ya wakubwa wa dunia huko New York, sisi yatuhusu nini? Tukifundishwa udhu wetu na mirathi yetu yatutosha. Ndugu hao twawaomba waifungue Sira wasome khabari ya Hilful Fudhul. Mtu wa kabila la Zabid aliingia Makka na bidhaa yake, akainunua Al-Aas bin Wail, kisha akakataa kumlipa. Yule mgeni hakuwa na jamaa mjini wala wa kumtetea. Akapanda juu ya jabali la Abu Qubays akapiga ukelele, Makureshi wakiwa wamekaa pembezoni mwa Al-Kaaba. Ndipo baadhi ya koo zao zilipokutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, wakaapa kuwa watakuwa mkono mmoja pamoja na aliyedhulumiwa, awe ni mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa kijana wa miaka kama ishirini, naye alihudhuria kiapo kile. Na baada ya kupewa utume aliusifu mkutano ule, akasema kuwa lau angeitwa kwa mfano wake katika Uislamu angeliitika.

Walioapa siku ile hawakuwa Waislamu, na Mtume hakuona haya kuwasifu. Basi mkutano wa mataifa wenye kukusudia kumtetea mnyonge si jambo la kigeni kwetu, wala hatuna ruhusa ya kujifanya hatulijui. Na lipo jambo moja katika kiapo kile ambalo wasomaji wengi hulipita: hatukusoma popote kwamba ukoo mmoja wapo ulitengewa uwezo wa kusema, "Huyu asisaidiwe", na wote wengine wakakaa chini.

Sasa tuutazame mkutano wa San Francisco wa mwaka 1945 kwa jicho hilo. Yalihudhuria mataifa 50. Katika Afrika nzima yalikuwako manne tu, nayo ni Misri, Uhabeshi, Liberia, na Afrika ya Kusini iliyokuwa chini ya wazungu wachache. Sisi wa pwani hii tulikuwa chini ya Mwingereza, naye ndiye aliyetusemea, kama twaweza kuita kule ni kusemewa. Dola tano, yaani Marekani, Urusi ya wakati ule, Uingereza, Ufaransa na China, zilijiwekea viti vya kudumu, na kila moja ikajipa uwezo wa kulivunja azimio peke yake. Dola ndogo zilinung'unika, Australia ikiwa mbele yao. Seneta Tom Connally wa Marekani akaichana mbele ya wajumbe nakala ya Hati aliyokuwa nayo mkononi, kuwaonyesha kwamba wakiikataa kura hiyo watakuwa wameichana Hati yote. Wakanyamaza, na 26 Juni wakatia sahihi.

Waswahili wameiita kura hiyo turufu, jina lililotoka mezani pa wacheza karata. Sisi karata hatuzipendi, lakini aliyelitoa jina hilo hakukosea, kwani mwenye turufu hahitaji hoja. Na Hati yenyewe haibadilishwi illa kwa theluthi mbili za mataifa yote, zikiwamo zote tano zenye viti vya kudumu. Yaani anayelalamikiwa ndiye huyo huyo anayeombwa ruhusa.

Kuwa jambo hili ni dhulma hatuna haja ya kulithibitisha kwa maneno mengi. Tarehe 30 Oktoba 1974, Kenya ikiwa katika Baraza, ilishirikiana na wenziwe kuleta azimio la kuitoa Afrika ya Kusini ya ubaguzi katika Umoja wa Mataifa. Azimio lilipata kura 10, na Marekani, Uingereza na Ufaransa wakaliangusha kwa pamoja. Tuje karibu zaidi. Tarehe 18 Novemba 2024 Uingereza na Sierra Leone walileta azimio la kusimamisha vita vya Sudan. Wajumbe 14 walikubali, Urusi ikakataa peke yake, likafa. Tarehe 20 Novemba, baada ya siku mbili, lililetwa azimio la kusimamisha vita vya Gaza. Wajumbe 14 walikubali, Marekani ikakataa peke yake, likafa.

Twayataja yote mawili kwa makusudi. Wako miongoni mwetu wanaolaani la Gaza hata sauti zikawakauka, na la Sudan wakalinyamazia, kama walivyoinyamazia Shamu miaka ile Urusi ilipokuwa ikivunja maazimio moja baada ya jingine na watu wanauawa. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tusimame na uadilifu hata kama ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu na jamaa zetu. Yatima wa Darfur na yatima wa Gaza wote wawili wamesimama juu ya jabali la Abu Qubays.

Sasa twaja kwenye madai ya Afrika. Mwezi Machi 2005 Umoja wa Afrika ulipitisha msimamo uitwao wa Ezulwini, kwa jina la bonde lililoko nchi ya Eswatini. Msimamo wataka Afrika ipewe viti viwili vya kudumu pamoja na kila haki iliyo nayo hao watano, turufu ikiwamo, na viti vitano visivyo vya kudumu. Na humo humo wasema kuwa Afrika yaipinga turufu kwa asili yake, lakini maadamu ipo, ni insafu kila mwenye kiti cha kudumu awe nayo. Mwaka ule ule Brazil, Ujerumani, India na Japani, ambao nao wavitaka viti, walikuwa tayari kuiacha turufu pembeni kwa miaka 15. Wakuu wa Afrika wakakataa kuungana nao kwa sharti hilo, na nafasi ile ikapita. Upande wa pili wako akina Italia na Pakistan, wasiotaka kiti kipya cha kudumu hata kimoja. Tangu 2009 mazungumzo ya serikali kwa serikali yanaendelea kila mwaka. Mwezi Septemba 2024 Marekani ilitangaza kuwa itaunga mkono viti viwili vya kudumu vya Afrika, lakini bila ya turufu. Na mwezi huo huo wakuu wa dunia wakaafikiana kwa maandishi kuwa Afrika imedhulumiwa na kwamba dhulma hiyo yapasa kurekebishwa. Kukiri ni jambo jema, lakini aliyekiri deni bado hajalilipa.

Hoja ya wanaotetea Ezulwini si dhaifu, wala haifai kuibeza. Wasema: Mkitupa kiti bila ya turufu, mtakuwa mmetutoa barazani mkatuketisha ukumbini, na sisi bado ni wageni. Watano watakuwa mabwana, nasi tutakuwa wajumbe wa daraja ya pili milele. Na tena wasema: Hao watano hawataiacha turufu mpaka waone mwengine nayo. Mtu aliyezaliwa katika nchi iliyotawaliwa huijua ladha ya maneno haya, na sisi tumeionja.

Lakini tuipime hoja hii kwa mizani ya sharia. Maulamaa wengi wamemjuzishia mtu aliyezuiliwa haki yake, asipokuwa na njia nyingine, atoe mali ili aipate, na dhambi ikawa juu ya aliyepokea. Hiyo ni ruhusa ya mnyonge kujiokoa. Hatujamsikia mwanachuoni aliyesema kuwa aliyedhulumiwa na kadhi mla rushwa anayo haki ya kuwekewa kiti kando yake, naye ale. Ruhusa yaishia pale haki yako inapokufikia, haivuki ikaingia katika haki ya mwengine. Na turufu kazi yake haimalizikii kwa mwenye nayo. Kila mara inapotumika, wako watu wasioketi mezani ambao walikuwa wakingojea kusaidiwa, na mlango ukafungwa.

Huenda mtu akatwambia: Basi Nabii Yusuf (A.S.) mbona aliomba cheo kwa mfalme asiyekuwa muumini? Swali zuri, na wanavyuoni wameliuliza zamani, kwa sababu Mtume wetu alikataza mtu kuuomba uongozi, na alikuwa hampi kazi mwenye kuipapia. Walijibu kuwa katazo ni la mwenye kuitakia nafsi yake, na ruhusa ni ya mwenye kujua kwamba asipoingia yeye watu wataangamia. Hapo twaongeza letu. Tazameni alichokiomba Yusuf. Aliomba hazina za nchi, naye akajitaja kwa uhifadhi na ujuzi. Aliomba ghala ili ifunguliwe siku ya njaa, na ilipofunguliwa walikula watu wa Misri na watu wa Kanaani, hata ndugu zake waliomtupa kisimani hawakurudishwa na magunia matupu. Hakuomba uwezo wa kusema peke yake kuwa fulani asipimiwe.

Kwa hiyo jawabu yetu ni hii. Kudai kiti yafaa, bali twaona ni wajibu juu ya viongozi wa Afrika. Bara lenye mataifa 54 kati ya 193, ambalo khabari zake zimejaa katika ajenda za Baraza, haliwezi kuwa la kujadiliwa bila ya kuwako kwa kudumu. Ama turufu, kuidai kwa jina la usawa hatuoni njia yake. Usawa katika jambo la haki ni uadilifu, na usawa katika jambo ulilolitaja wewe mwenyewe kuwa ni batili huwafanya madhalimu saba badala ya watano. Ikiwa wajumbe wetu waona kwamba kuitaja turufu ni silaha ya mazungumzo, ya kuwabana watano mpaka wakubali kuipunguza, basi na waseme hivyo wazi, na waahidi mbele ya watu, kabla ya kupewa chochote, kwamba hawataiinua mkono dhidi ya azimio la kusimamisha mauaji ya raia. Uingereza na Ufaransa hawajaitumia tangu 1989, wala viti vyao havijaanguka.

Wala asituambie mtu kuwa bila ya turufu hatutapata kitu. Tarehe 16 Desemba 1963 Kenya na Zanzibar ziliingizwa katika Umoja wa Mataifa. Kesho yake, 17 Desemba, Baraza Kuu lilipitisha azimio la kuliongeza Baraza la Usalama kutoka wajumbe 11 kuwa 15. Kura 97 zilikubali, 11 zilikataa, na 4 hazikuchagua upande. Katika watano wenye viti vya kudumu aliyekubali ni China peke yake, iliyowakilishwa wakati ule na serikali ya Taiwan. Ufaransa na Urusi walikataa, Marekani na Uingereza wakajitenga. Ilipofika 31 Agosti 1965 wote watano walikuwa wameridhia, na Hati ikabadilishwa. Kwa rai yetu, hakuna mmoja wao aliyetaka kuonekana peke yake akiufunga mlango mbele ya mataifa yaliyotoka utumwani jana. Umoja wa wanyonge ulifanya kazi hiyo, nao hawakuwa na turufu hata moja.

Serikali yetu imo katika kamati ya marais kumi wa Afrika wanaolisimamia jambo hili chini ya uongozi wa Sierra Leone. Basi Muislamu wa Kenya mwenye kufika kwa mbunge wake, au mwenye kalamu, asidhani kuwa yuko mbali na maneno haya.

Muulizaji alikuwa na swali la pili: vikipatikana viti viwili, watakaa nani? Hapa twamkumbusha la karibu. Mwezi Agosti 2019 mabalozi wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa waliichagua Kenya iwe mgombea wa kiti cha miaka miwili, kisichokuwa na turufu. Djibouti haikukubali. Mwezi Juni 2020 jirani hao wawili walisimama New York kupigiwa kura na ulimwengu. Siku ya kwanza Kenya ilipata 113 na Djibouti 78, hakuna aliyefikia theluthi mbili. Siku ya pili Kenya ikapata 129, Djibouti 62. Hicho kilikuwa kiti cha miaka miwili. Kwa vile viwili vya kudumu, Umoja wa Afrika umesema utawachagua wenyewe watakaokaa, na jina la nchi hata moja haujalitaja.