Si Kila Kinachoingia Kwa Simu Ni Jibu la Maombi

Somo la wiki: 1 Samweli 24:1-7, Walawi 6:1-7, Waefeso 5:15-20



Wiki hii tuchukue swali moja ambalo halihitaji mtu awe amesoma chuo cha Biblia. Linahitaji tu awe na simu. Tuseme kuna dada ameokoka, anauza mboga kando ya barabara. Kodi ya nyumba imefika miezi miwili, na keateka amesema Ijumaa anakuja na kufuli. Dada amefunga siku tatu, amekesha, na amemtajia Mungu kiasi kamili: shilingi 13,000. Alhamisi asubuhi simu inalia. Ni M-Pesa. Shilingi 13,000 zimeingia, zimetoka kwa mtu asiyemjua. Kabla hajamaliza kusema haleluya, simu inaita. Mtu wa upande ule anasema amekosea nambari moja tu, tafadhali zirudishe.

Je, hizo pesa ni jibu la maombi?

Usijibu haraka. Ni rahisi kusema hapana kama kodi yako imelipwa. Dada huyu hakuomba gari. Aliomba watoto wasilale nje. Kiasi ni kile kile alichoomba, tena siku moja kabla ya kufuli. Na sisi wenyewe ndio tumemfundisha kwamba Mungu wetu hufungua mlango mahali hapana mlango. Kwa hivyo tusimcheke akisema, "Bwana amenikumbuka."

Twende pangoni, kule Engedi. Sauli anamwinda Daudi na watu 3,000 waliochaguliwa. Anaingia pangoni peke yake kujisaidia, bila kujua kwamba Daudi na watu wake wamejificha ndani kabisa. Watu wa Daudi wakamwambia kwamba leo ndiyo ile siku Bwana aliyomwahidi. Angalia vizuri wanavyosema. Hawamshawishi Daudi kwa lugha ya shetani. Wanatumia lugha ya ahadi! Na Daudi kweli alikuwa ametiwa mafuta. Kweli alikuwa ameonewa. Kweli adui alikuwa mbele yake, mgongo wazi. Shida ilikuwa ya kweli, ahadi ilikuwa ya kweli, nafasi ilikuwa ya kweli. Na bado tendo lile lingekuwa dhambi. Daudi alikata pindo la vazi tu, na hata hilo likamchoma moyo.

Hapo ndipo tunajifunza kwamba nafasi haina mdomo. Haiwezi kukuambia imetoka kwa nani. Lazima uipeleke mbele ya Neno, uiulize: je, ninachotaka kufanya na wewe, Mungu alishakikataza? Kama alishakikataza, basi hata kikija siku ya tatu ya kufunga, hakijabadilika.

Na juu ya kitu cha mtu kilichopotea, Mungu hakunyamaza. Fungua Walawi 6. Kuna mtu aliyeachiwa amana akaikana, kuna aliyenyang'anya, na kuna aliyeokota kitu kilichopotea akasema sijakiona. Wote watatu wamemkosea jirani, lakini Maandiko yanasema wamemwasi Bwana. Mungu anajiweka mahali pa yule aliyepoteza. Halafu tazama utaratibu: kwanza rudisha mali yote, ongeza juu yake sehemu ya tano, siku ile ile unapoleta sadaka yako ya hatia. Kwa pesa za huyu dada, kama angezikana halafu atubu, hesabu ingekuwa 13,000 na 2,600 juu yake, yaani 15,600. Madhabahu haikupokea kondoo huku mali ya jirani imebaki nyumbani.

Wengine husema, "Nitatoa fungu la kumi, Bwana atazitakasa." Mpendwa, ukitoa 1,300, zile 11,700 zilizobaki bado ni za mwenyewe. Hata hizo 1,300 ni zake! Isaya 61:8 inasema kwamba Bwana anachukia wizi.

Kisha kuna jambo tunalosahau. Yule aliyekosea nambari pia anaweza kuwa mtu wa maombi. Labda pesa zile zilikuwa zinaenda kwa mama yake mgonjwa, na mama huyo naye amepiga magoti. Mungu hajibu maombi ya mtoto mmoja kwa kuchopoa mfuko wa mwingine. Angekuwa Baba wa namna gani?

Lakini kumcha Mungu hakumaanishi kuwa mjinga. Paulo katika Waefeso 5 anatuambia tuangalie sana jinsi tunavyoenenda, tuwe na hekima, tujue mapenzi ya Bwana. Mistari miwili mitatu mbele, bila hata kugeuza ukurasa, anaingia katika zaburi, nyimbo na shukrani. Kwake hekima ya barabarani na ibada ya kanisani ni mazungumzo mamoja. Kwa hivyo ukipigiwa simu kama hiyo, kwanza angalia salio lako, kwa maana matapeli hutuma ujumbe wa uongo kila siku. Ukiona pesa ziko kweli, usikimbilie kuzituma kwa nambari yoyote unayopewa. Mwambie aliyetuma apeleke ujumbe wake wa M-Pesa kwa nambari 456 ili Safaricom washughulikie, nawe usizitoe wala kuzitumia. Na usizime simu. Kumbukumbu la Torati 22 inasema kitu cha ndugu kilichopotea ukiweke mpaka mwenyewe akitafute, na inakataza kujificha. Kuzima simu ni kujificha.

Sasa tufike mahali pagumu. Dada amerudisha. Ijumaa imefika, kufuli imekuja. Je, tumwambie tu, "Mungu atakuona," halafu twende nyumbani kula chapati?

Hapa swali linatoka kwake linakuja kwetu. Jumapili huwa tunawapa kipaza sauti wale waliopokea. Aliyepata kazi anashuhudia, aliyepata ploti anashuhudia, na tunapiga vigelegele. Aliyerudisha 13,000 akalala njaa hana zamu. Tukiendelea hivyo, tunawafundisha watu kwamba Mungu anaonekana katika kupokea pekee, na siku simu italia watajua la kufanya: watashuhudia. Kanisa la kwanza, katika Matendo 4, halikuwa na mhitaji kati yao, na sababu imeandikwa: wenye mali waliuza, wakaleta, kila mtu akagawiwa kwa kadiri ya haja yake. Labda jibu la maombi ya huyu dada lilikuwa limekaa kwenye kiti cha tatu nyuma yake, ndani ya mfuko wa mtu aliyeimba kwa machozi na kuondoka bila kumuuliza anaishi aje.

Wiki hii, kabla ya Jumapili, fanya mambo mawili. Kama kuna kitu cha mtu mkononi mwako, pesa, chenji iliyozidi, hata sufuria ya jirani, kirudishe. Na katika ushirika wenu wa nyumbani, ulizeni nani kodi imemlemea, mchange mlicho nacho.

Tuombe: Baba, tupe macho ya kutambua mlango uliofungua wewe na ule uliofunguka tu. Tusaidie kurudisha yasiyo yetu, na kutoa yaliyo yetu. Katika jina la Yesu. Amina.