Doa la Jana na Mlango wa Chuo

Tumchukue kijana aliyekamatwa akinakili majibu ya mwenzake katika mtihani, akaadhibiwa na shule yake. Miaka imepita, sasa anaomba kuingia chuo ambacho waombaji ni wengi na nafasi ni chache. Fomu inamwuliza: je, umewahi kuadhibiwa kwa udanganyifu? Aandike nini?

Suala la tabia ya mwombaji si geni kwetu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka vijana wamalizapo sekondari wafanye kazi kwanza, na mwenendo wao ushuhudiwe kazini, kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Utaratibu huo umekwisha kupita, lakini hoja yake ingali hai: mtu hujulikana kwa watu walioishi naye, wala si kwa alama zake peke yake.

Wako wasemao kwamba yaliyopita yasiulizwe kabisa. Huko Marekani, Common App, fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi, iliondoa swali la adhabu za shuleni mwaka 2021, kwa maelezo kwamba adhabu hizo ziliwaelemea zaidi wanafunzi Weusi. Hoja hiyo ni nzito, kwani adhabu iliyotolewa kwa upendeleo haiwezi kuwa kipimo cha haki. Hata hivyo, chuo chaweza kuuliza chenyewe; na swali likiisha kuulizwa, halina budi kujibiwa.

Sisi twaona kwamba hapa pana madeni mawili. Chuo kina deni la kiasi. Wahenga walisema kosa moja haliachi mke. Basi kosa la mtoto wa miaka 15 lisiwe hukumu ya maisha yake yote. Kijana naye ana deni la ukweli. Akiulizwa akaficha, amedanganya mara ya pili, na safari hii kwa akili ya mtu mzima. Tena, nafasi aipatayo kwa kuficha yamkini ilikuwa ya mwenzake aliyekesha akisoma bila ya kuibia.

Kwa hiyo na aandike kwa ufupi: nilikosa hivi, niliadhibiwa hivi, na tangu hapo nimefanya haya. Mwalimu amwandikiaye ushuhuda naye asilifiche doa hilo, wala asilikuze. Huenda kijana akakataliwa. Hatuwezi kumwahidi vinginevyo. Lakini akikubaliwa, ataingia darasani bila ya hofu ya kufichuliwa, na elimu atakayoipata itakuwa yake kwa haki.