Je, Mchezo Hupimwa kwa Chombo Chake?

Leo twauliza suala ambalo huenda likaonekana dogo, nalo si dogo: je, yafaa kumdharau mtu kwa ajili ya chombo achezeacho?

Mwezi wa Novemba 2018, mjini Anaheim huko Marekani, kampuni ya Blizzard iliwatangazia wapenzi wake kuwa mchezo mpya wa Diablo utakuwa wa simu za mkononi. Waliokusanyika, ambao wamezoea kompyuta, wakachukizwa. Mmoja wao akauliza kama ule ulikuwa mzaha wa Aprili. Mtengenezaji alipozomewa akawauliza: kwani nyinyi hamna simu?

Sisi twaona kila upande ulikosea. Mwenye kungojea pilau akaletewa uji, si jibu kumwuliza kama hana kinywa. Lakini wale waliozomea nao wengi wao walivuka mpaka, kwani wako wasemao hata leo kuwa achezaye kwa simu si mchezaji wa kweli.

Hoja yao ni ipi? Wakisema ni ustadi, katika Michezo ya Asia ya Hangzhou, mwaka 2023, watu walishindania medali kwa michezo ya simu. Wakisema ni uchache, karibu nusu ya fedha za michezo ya elektroniki duniani hutoka kwenye simu. Hatusemi wingi ni dalili ya ubora. Twasema tu kwamba kwa mamilioni ya watu, kuanzia India na Indonesia hata pwani yetu hii, simu ndiyo kompyuta pekee waliyo nayo. Kumcheka mtu huyo ni kuucheka mfuko wake. Na achezaye bao kwa vishimo vya mchangani, je, hachezi bao?

Iko hoja moja ya haki, nayo ni ile ya makasha ya bahati, ambayo mtu hulipa fedha asijue atapata nini, jambo lililo jirani na kamari. Diablo ya simu ilipotoka mwezi wa Juni 2022, haikutolewa Ubelgiji wala Uholanzi kwa sababu ya sheria za makasha hayo. Lakini tukumbuke kuwa Ubelgiji ilipoyahukumu makasha hayo mwezi wa Aprili 2018, michezo iliyotajwa, kama FIFA 18 na Overwatch, ilikuwa ya kompyuta na mitambo ya kuchezea nyumbani. Basi aibu hiyo haikuzaliwa na simu; imezaliwa na tamaa, na tamaa haichagui chombo.

Kwa hivyo yatupasa tupambanue. Biashara mbovu na ilaumiwe, popote ilipo. Ama mchezaji, tusimpime kwa bei ya alichokishika mkononi. Mwenye kukichukia kibri kwa tajiri, naajihadhari asikifuge mwenyewe kwa jambo dogo kama mchezo.