Je, Mtawala Aweza Kufunga Vinywa vya Watu Wote?

Amri ya nane yatukataza kusema uongo. Hilo kila Mkristu alijifunza katika katekisimu. Lakini liko swali jingine, ambalo sisi wa Uvira hatuwezi kulikwepa: mtawala akiogopa uongo, je, ana haki ya kuwanyamazisha watu wote?

Mambo haya si ya mbali. Mwezi wa Aprili 2015, ng'ambo ya ziwa, ambako usiku twaona taa za Bujumbura, watu waliandamana kupinga muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza. Serikali ikafunga WhatsApp na Facebook katika simu. Kwetu Kongo, walei Wakatoliki walipoitisha maandamano ya tarehe 31 Desemba 2017, intaneti ilikatwa. Mwaka mmoja baadaye, baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, ilikatwa tena kwa siku 20 hivi. Wakuu walisema kwamba wazuia matokeo ya uongo yasienezwe.

Sababu hiyo si upuuzi. Huku kwetu neno la chuki likitumwa kwa simu asubuhi, jioni laweza kumwaga damu. Ni wajibu wa mtawala kulinda amani, na mchongezi astahili kuhukumiwa. Lakini tupime. Mtu mmoja akiuza ndagala waliooza, je, tufunge soko zima, hata wenye samaki wazuri walale njaa? Aliyekosa na ashtakiwe kwa jina lake, mbele ya hakimu. Tena, kukata intaneti hakumzuii mwongo. Uvumi hupita mdomo kwa mdomo. Anayezuiliwa ni yule ambaye angeusahihisha.

Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, alifundisha kwamba binadamu ana haki ya kutoa mawazo yake, kwa kufuata maadili na manufaa ya wote, na haki ya kupata habari za kweli juu ya mambo ya nchi. Haki hiyo yatoka kwa Muumba, wala si zawadi ya mtawala; basi hawezi kuichukua kama mali yake.

Lakini penye haki pana wajibu. Kabla ya kutuma neno, tujiulize: Ni kweli? Nimeona, au nimesikia tu? Ningethubutu kulisema mbele ya jirani yangu wa kabila jingine? Kila tunapotuma uongo, twampa mtawala kisingizio. Anayetaka serikali isifunge vinywa vya wote, na aanze kwa kuufunga wake mwenyewe pale unapotaka kumsingizia mwenzake.