Mjukuu Wangu, Hili Usilivumilie

Nyakwara, vuta kile kiti kirefu, achana na mkeka. Jana nilikutazama ukivaa viatu. Uliegemea ukuta, ukautupa mguu wa kulia pembeni, ukafunga kamba bila kukunja nyonga. Na uliposhuka bodaboda pale langoni, ulimshika dereva bega kwanza. Unadhani dani, bibi yako, haoni. Nimefanya uuguzi miaka thelathini na ushee; nimechoka, lakini macho ninayo.

Unasema ni goti. Umelichua kwa dawa wiki tatu, nyumba nzima inanukia. Si goti, baba. Nyonga ikiugua, maumivu hushuka kutoka kwenye kinena hadi gotini, na mtu akahangaika kutibu pasipougua. Juzi ulipolala chali nikakuzungusha mguu, kwa ndani ulikataa kabisa.

Wewe umezaliwa na sikoseli. Baba na mama kila mmoja alikuwa na nusu yake bila kujua, na kwa wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Huku ziwani malaria imetumaliza tangu enzi za mababu, na ile nusu moja humkinga mtoto na malaria kali. Ndiyo maana ugonjwa huu umejaa Kisumu, Siaya na Homa Bay. Anayekuambia ni chira, laana ya kuvunja mwiko, mwache aseme. Hakuna aliyekosa.

Chembe za damu yako zikipungukiwa hewa hujipinda kama mundu, zikakwama kwenye mishipa myembamba. Sasa kichwa cha mfupa wa paja, lile tufe linalozunguka ndani ya nyonga, kina mishipa michache. Ikiziba, mfupa unakufa kuanzia ndani, kama punje ya mahindi iliyoingiwa na fukusi: ganda zima, ndani unga. Eksirei ya mwanzo inaweza kutoka safi, ndiyo maana daktari amekuandikia MRI. Nawe kila siku unaukanyagia uzito wako wote, mpaka asubuhi moja tufe linabonyea.

Umeuliza kupandikiza mfupa ni kufanya nini. Daktari hutoboa kwa kekee kutoka upande wa paja hadi ndani ya kile kichwa, akakwangua mfupa uliokufa. Pengo analijaza kwa mfupa wako mwenyewe, mara nyingi uliochotwa ukingoni mwa fupanyonga, pale unapofungia mshipi. Wapo wanaohamisha kipande cha mfupa mwembamba wa mguuni pamoja na mshipa wake wa damu, wakaunganisha mshipa kwa mshipa chini ya hadubini. Hiyo ni kazi ndefu na haifanyiki kila mahali. Mfupa uliopandikizwa hauponi siku ile. Mfupa hai huutambaa polepole, miezi kwa miezi, nawe uko kwenye magongo.

Sitakudanganya. Kwa mwenye sikoseli matokeo hayana uhakika, mishipa huweza kuziba tena, na pengine daktari ataona mazoezi na magongo yanatosha kwa sasa. Lakini tufe likishabonyea, kupandikiza hakufai kitu kikubwa. Kinachobaki ni nyonga ya bandia, na kwa kijana wa miaka 22 hiyo itachakaa, ufunguliwe tena.

Babu yako, mdogo wangu, naye alikuwa na sikoseli, na nyonga ilianza kumuuma akiwa na miaka 19. Mimi nilikuwa na sare yangu nyeupe, nikijua sikoseli kuliko mtu yeyote nyumbani, nami ndiye niliyemwambia: ni maumivu yako yale yale, kunywa maji, vumilia. Akavumilia miezi minane akibeba vikapu vya omena pale Dunga. Alipopigwa picha, tufe lilikuwa limebapa. Mguu ukafupika, akachechemea mpaka alipotuacha. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Vile vidonge vya dexamethasone unavyouziwa dukani bila karatasi ya daktari, nipe hapa. Vinatuliza, lakini hizo ni steroidi, na steroidi zikitumiwa hovyo huua kichwa cha paja hata kwa mtu mwenye damu nzima. Pombe nyingi vilevile. Haidroksiurea, dawa yako ya sikoseli, usiiache.

Hospitali nayo usiiogope. Nilikuwa msichana Oktoba 1969 ilipofunguliwa ile tuliyojengewa hapa Kisumu na Warusi, ambayo mpaka leo tunaiita Russia, na risasi zikalia mjini siku ile ile. Mama yangu hakukanyaga pale maisha yake yote. Babako nilimzaa pale pale.

Ukikubali kupasuliwa, waambie mapema una sikoseli, kila mtu, hata anayesukuma kitanda. Watakupima damu, pengine wakuongeze, watakutilia maji mwilini, na hutakiwi kupata baridi hata kidogo. Baridi na kiu ndivyo vinavyozipinda chembe.

Jumanne saa moja asubuhi nitakuwa stejini Kondele na karatasi zako zote kwenye mfuko. Pesa za kipimo nimeziweka, usiniulize nimezitoa wapi. Usije kwa bodaboda, panda matatu, ukae mbele. Na sweta ile ya kijivu uje nayo, kile chumba cha mashine kina baridi.